Andikeni kwa Msomaji Asiyeuliza

Wanangu mnaojenga programu, nina neno nanyi kuhusu maelezo mnayoyaandika juu ya API zenu. Najua mnaiona kazi hiyo kuwa ya mwisho, ya kumalizia jioni mtu akiwa amechoka. Hilo liacheni.

Zamani aliyesoma maelezo hayo alikuwa mhandisi mwenzenu. Akikuta pengo alipiga simu, au alikesha akijaribu hadi akaelewa. Sasa anayesoma ni wakala wa akili mnemba. Juni 2023 OpenAI iliziwezesha modeli zake kuita zana za nje. Novemba 2024 Anthropic ikatoa itifaki ya MCP, inayoziunganisha modeli na zana za watu mbalimbali kwa utaratibu mmoja. Msomaji huyu ana haraka na ana bidii, lakini akikuta pengo mara nyingi hulijaza kwa kukisia, kisha huendelea na kazi kana kwamba ana hakika. Sisi tulifunzwa kwamba kuuliza si ujinga. Yeye msimtegemee kwa hilo.

Chukueni malipo ya M-Pesa kupitia Daraja, API ya Safaricom. Ukituma ombi la STK Push, mteja huletewa kwenye simu yake ujumbe wa kuweka PIN, na programu yako hupata jibu papo hapo: ResponseCode 0. Sifuri hiyo haisemi kwamba pesa imelipwa. Inasema ombi limepokewa. Habari ya pesa huja baadaye, kwenye anwani uliyoitaja, ikiwa na ResultCode: 0 ikiwa mteja amelipa, 1032 ikiwa ameghairi. Sasa mpe wakala zana uliyoiita “lipa”, yenye maelezo kwamba 0 ni mafanikio. Ataiona sifuri ya kwanza, atamwambia mteja malipo yamefika, na duka litatoa mzigo bure. Wa kulaumiwa hapo ni aliyeandika maelezo.

Iiteni “anzisha_ombi_la_malipo”, kisha mwandike: “Hutuma ombi la malipo kwenye simu ya mteja. Jibu la 0 lina maana kwamba ombi limepokewa tu. Usithibitishe malipo kabla ya kuangalia matokeo kwa zana ya kuulizia hali. Namba ya simu ianze na 254, bila alama ya kujumlisha.” Ni sentensi nne tu, na zimeokoa duka.

Ujumbe wa kosa nao ni sehemu ya maelezo. Ukimrudishia wakala “ombi batili” umemwacha gizani, atabahatisha tena. Mwambie kilichokosewa na namna ya kukirekebisha: “Namba imeanza na 07, iandike kwa kuanza na 254.” Mara nyingi atajisahihisha hapo hapo. Semeni pia kama ombi linaweza kurudiwa bila madhara. Mtandao ukikatika wakala atajaribu tena, na ombi lisilo na kitambulisho chake cha pekee linaweza kumtoza mteja mara mbili. Ombi linalohamisha pesa au kufuta kumbukumbu lisubiri idhini ya mtu. Wala msigeuze kila mlango wa mfumo wenu kuwa zana: zana arobaini zenye majina yanayofanana humchanganya anayechagua.

Mkishaandika, pimeni. Wakala akisema “nimemaliza”, msimwamini; fungueni hifadhidata mwone kilichobadilika. Ndivyo kinavyofanya kipimo cha tau-bench, kilichotolewa na kampuni ya Sierra mwaka 2024. Hulinganisha hali ya hifadhidata mwishoni mwa mazungumzo na hali iliyotakiwa, kisha huirudia kazi ile ile mara kadhaa. Wakati huo hata modeli ya GPT-4o ilifaulu chini ya nusu ya kazi zake. Na zilipohesabiwa kazi za kuhudumia wateja wa duka ambazo ilizipata mara zote nane ziliporudiwa, hazikufika robo. Kufaulu mara moja, basi, si ushahidi wa kutosha.

Majaribio yenu yatokane na maneno ya wateja halisi, hata yaliyo nusunusu. “Nirudishie ile pesa ya juzi,” mteja ataandika, bila namba ya muamala wala kiasi. Wakala mwema hapo huuliza, haiti zana. Na jaribio lenu lihesabu kule kuuliza kuwa ndiko kufaulu. Wekeni kando baadhi ya majaribio ambayo hamkuyatazama mlipokuwa mkirekebisha maelezo, msije mkajisifu kwa mtihani mliokwisha kuuona. Someni kumbukumbu za kila hatua aliyoipitia wakala, msiishie kwenye alama. Na badilisheni jambo moja kwa wakati mmoja, ili mjue lililosaidia.

Kabla ya kuitoa zana yoyote, mpeni maelezo yake mtu asiyeujua mfumo wenu, mkae kimya. Kila swali atakalouliza ni sentensi iliyokosekana, iandikeni. Kisha mwacheni wakala afanye kazi ile ile mara nane. Akiharibu hata moja, msitoe: hiyo moja ni pesa ya mtu.