Dadu, Alama na Haki ya Mhusika

Katika Dungeons & Dragons (1974), mchezo wa mezani ambamo kila mchezaji huigiza mhusika wake, kila moja ya sifa sita za mhusika huyo iliamuliwa na jumla ya dadu tatu. Aliyepata 3 na aliyepata 18 walikuwa sawa kwa jambo moja: hakuna aliyestahili. GURPS, katika toleo lake la tatu (1988), ilidhamiria kuiondoa dhuluma hiyo kwa kumpa kila mchezaji alama 100 za kununulia sifa. Hapo ndipo penye utata. Katika kanuni hizo umaskini ni kasoro inayolipwa: anayekubali mhusika fukara hurudishiwa alama 15, azitumie kununua nguvu au akili. Ben wa Meja Mwangi, kibarua wa ujenzi katika Going Down River Road (1976), hakurudishiwa chochote. Ufukara wake huzaa ufukara mwingine, na chang'aa juu yake. Wala mtoto wa Kawangware hafidiwi kwa kuzaliwa ng'ambo ya Lavington. Dadu, kwa ukatili wake wote, angalau haidai kwamba hasara ya mtu ni biashara aliyoiridhia. Usawa wa wachezaji ni dai halali. Lakini mbunifu wa Nairobi atakayeuacha umaskini katika orodha ya kasoro zinazolipwa atakuwa ameusingizia mji wake.