Uchafu Uliohamishwa

Twawauliza wasomaji wetu: mtu akifagia nyumba yake, kisha akazimwaga taka uani kwa jirani, je, amesafisha? Hapana mwenye akili atakayesema amesafisha. Na hali hili ndilo lifanywalo baharini na baadhi ya wenye meli.

Meli kubwa kwa miaka mingi zimechoma mafuta mazito yenye kiberiti kingi, na moshi wake hudhuru vifua vya wakaao karibu na bandari. Tarehe 1 Januari 2020 Shirika la Kimataifa la Bahari lilipunguza kiwango cha kiberiti katika mafuta hayo kutoka asilimia 3.5 hadi asilimia 0.5. Walakini sheria iliruhusu mafuta yale yale machafu, madhali meli imefungwa mtambo wa kuosha moshi. Na maji yaliyouosha, yenye asidi na madini mazito, katika mitambo mingi humwagwa baharini. Hewa imesalimika, bahari imerithi. Singapore iliyakataza maji hayo bandarini mwake mwaka ule ule, na Denmark ikayakataza katika bahari yake mwaka 2025.

Wenye meli hao hawakuvunja sheria; waliyafuata maneno yake, wakayaacha makusudio yake. Nasi twaona kuwa kulijua neno la sheria na kulitumia kukwepa wajibu ni udhalimu uliovaa kanzu safi.

Wapo wasemao: mafuta safi ni ghali, na gharama itamwangukia maskini anunuaye mchele. Hoja hii si ya kupuuzwa, kwani sisi wa Mombasa pia twala na twavaa vilivyoletwa na meli. Lakini gharama hiyo haikuzaliwa leo. Tangu zamani yalipwa na kifua cha mtoto wa bandarini, ila haikuandikwa katika hati ya bei. Dawa ya deni ni kulipa, si kumtwika mwengine.

Basi na nishati mpya tuzipime kwa mizani hiyo hiyo. Mwaka 2023 ilianza safari Laura Maersk, meli ya makontena iwezayo kutumia methanoli. Lakini methanoli itengenezwayo kwa makaa ya mawe imeuhamisha moshi kutoka melini hadi kiwandani. Amonia haina kaboni, lakini ni sumu kwa baharia ikivuja. Kabla ya kusifu usafi wa kitu, yatupasa kuuliza: taka zake zimekwenda kwa nani, na je, huyo aliulizwa?