Kazi Ikichelewa, Usimkimbie Mteja

Ndugu zangu vijana wa Iyula, mliojiajiri kwa useremala, ushonaji na uchomeleaji, leo nina neno nanyi kuhusu ahadi. Kwa kuwa wengi wenu mnapenda gemu, mfano nimeutoa huko.

Mwaka 2006, Iyula ikiwa bado ndani ya Mkoa wa Mbeya, kampuni ya Square Enix ya Japani ilitangaza gemu iitwayo Final Fantasy Versus XIII, chini ya uongozi wa Tetsuya Nomura. Mashabiki wakaonjeshwa, wakaanza kusubiri. Mwaka 2013 ikapewa jina jipya, Final Fantasy XV. Mwaka 2014 ikatangazwa kwamba msimamizi sasa ni Hajime Tabata. Ilipotoka, tarehe 29 Novemba 2016, Mkoa wa Songwe ulikuwa umeshazaliwa. Miaka kumi!

Kosa lao liko wazi: walitangaza kazi ingali changa. Ahadi ni deni, na deni la mapema huanza kudaiwa mapema.

Hata hivyo, lipo la kuiga. Gemu ilikuwa imepangiwa kutoka tarehe 30 Septemba 2016. Mwezi Agosti, Tabata alijitokeza kwenye video akaomba radhi na kusogeza tarehe kwa miezi miwili. Kasoro zilizobaki zingeweza kurekebishwa baadaye kwa kupakua marekebisho kwenye intaneti. Akakumbuka kuwa wapo wachezaji wasio na intaneti, ambao diski wangeinunua kwa pesa ileile na kubaki na kasoro zake. Alitaka nao wapate kitu kilichokamilika. Nyinyi mnaojua bando linavyokata katikati ya jambo, mnaielewa thamani ya uamuzi huo. Na mkulima yeyote wa kahawa hapa Mbozi anajua hasara ya kuchuma mbichi pamoja na zilizoiva.

Sasa tujiangalie. Mteja amelipa kianzio cha mlango, nyumba iko wazi na mvua zimekaribia. Siku ya ahadi anapiga simu: haipatikani. Kesho yake anafunga safari hadi kwenye karakana na kukuta mbao hata randa hazijapigwa. Fundi anamwambia, "Njoo kesho." Wapo wanaojikinga kwa kusema haraka haraka haina baraka. Msemo huo ni wa anayefanya kazi kwa utulivu. Haumhusu aliyekula kianzio akalala.

Kuchelewa kunaweza kumpata yeyote: umeme hukatika, mbao hupanda bei, mtoto huugua. Aibu ni kujificha. Mpigie mteja kabla ya siku kufika, mweleze sababu, mpe tarehe unayoiweza. Kazi ikikuzidi, mkabidhi mwenzako anayeiweza. Gemu ile ilimalizwa na mtu mwingine.

Tena, sifa zisikulevye. Baada ya gemu kuuzwa sana, kampuni iliahidi sehemu nne za nyongeza. Mwishoni mwa 2018 Tabata akaondoka, na tatu kati ya hizo zikafutwa. Waliongeza deni jipya juu ya uaminifu waliokwisha kuurudisha kwa jasho.

Ndugu yangu, kama leo unashikilia pesa ya mtu ambaye siku yake imepita, mpigie simu kabla jua halijazama. Mwambie ukweli, kisha urudi kazini.