Shingo Haina Spea

Wanangu mnaoendesha magari hapa Johannesburg, wa Yeoville, wa Mayfair na wa Hillbrow, nisikilizeni kidogo. Haya nimeyasema mpaka ulimi umechoka, lakini mkubwa akinyamaza, lawama ni yake.

Kila mnapogongwa kwa nyuma kwenye barabara ya M1, nawasikia mkisema, "Ajali haina kinga." Hayo ni maneno ya wahenga, nayaheshimu, ila hawakuyasema ili tujifichie uvivu. Kumzuia anayekuja kukugonga huenda usiweze. Lakini shingo yako ina kinga, nayo iko nyuma ya kisogo chako. Uliinunua pamoja na gari.

Nasema kiegemeo cha kichwa. Wengi mnadhani kimewekwa cha kusinzilia. Mmoja amekishusha mpaka mabegani, mwingine amekichomoa kabisa apate kuona nyuma, na huyu wa tatu amelaza kiti kama yuko kitandani, kichwa kinaning'inia mbali na kiegemeo.

Gari likigongwa kwa nyuma, kiti huusukuma mgongo mbele kwa ghafla, nacho kichwa hubaki pale kilipokuwa. Kichwa cha mtu mzima kina karibu kilo 5, uzito wa mfuko mdogo wa unga wa sembe, na kinashikwa na shingo tu. Shingo hujipinda vibaya, kisha kichwa hurushwa nyuma na kurudi mbele. Hayo yote hutokea ndani ya sehemu ndogo ya sekunde, hujawahi hata kukaza misuli. Wala si lazima mwendo uwe wa kasi: kugongwa kwenye foleni ya makutano ya Gillooly's au kwenye roboti, yaani taa za barabarani, kunatosha. Na wanawake huumia zaidi ya wanaume katika ajali za namna hii.

Wenzetu waliliona hili zamani. Marekani iliwalazimisha watengenezaji kuweka viegemeo kwenye viti vya mbele vya magari madogo mapya tangu Januari 1969. Saab walileta kiegemeo kinachosogea chenyewe kukidaka kichwa mwaka 1997, na mwaka uliofuata Volvo wakatengeneza kiti kinachorudi nyuma pamoja na mtu ili kupunguza kishindo. Gari lako la mkononi ulilolinunua Jules Street huenda halina hayo. Basi tumia mkono wako.

Kiinue kiegemeo mpaka ncha yake ilingane na utosi. Ikishindikana, isiwe chini ya sehemu ya juu ya masikio. Kisogeze karibu na kisogo, nafasi ya vidole viwili au vitatu tu. Simamisha mgongo wa kiti. Mwenye fundo kubwa la nywele kisogoni alisogeze, maana linakisukuma kichwa mbele. Funga mkanda. Wa nyuma nao wainuliwe viegemeo vyao, kwani nao wana shingo.

Msidanganywe na kutoka garini mkitembea. Maumivu mara nyingi huja kesho yake, na picha ya eksirei yaweza kuonekana safi ilhali nyuzi za ndani zimejeruhiwa. Wala msiutegemee Mfuko wa Ajali za Barabarani, huo tunaouita RAF. Tangu Agosti 2008 fidia ya maumivu hulipwa kwa jeraha lililothibitishwa kuwa kubwa tu, na kipimo cha kwanza ni ulemavu wa asilimia 30 ya mwili mzima. Shingo iliyoteguka ni nadra kufika hapo. Utabaki na maumivu yako, huku kodi ya nyumba inakusubiri na nyumbani wanangoja uwatumie pesa.

Siwaombi mnunue kitu, wanangu. Nawaomba dakika moja. Kesho, kabla ya kuwasha gari, kila mmoja akipime kiegemeo chake, kisha ampimie na aliyeketi pembeni yake.