Siri ya Karata na Siri ya Maneno

Katika mchezo wa karata uitwao briji, ambao Mmarekani Harold Vanderbilt aliupa sura yake ya leo mwaka 1925 alipokuwa safarini melini, watu wanne huketi mezani wawili kwa wawili, kila mmoja akimkabili mwenziwe, na kabla ya karata ya kwanza kutupwa hunadi kwa zamu, wakitaja ni mara ngapi wanadhani watakula na turufu iwe ipi. Msamiati wa mnada huo ni mchache ajabu, maneno 15 tu, nao hutakiwa uueleze mkono wa karata 13; kwa hiyo wenzi hawana budi kupatana mapema kwamba tamko fulani litakuwa na maana fulani, na mara nyingi maana hiyo iko mbali kabisa na dhahiri yake.

Chukua mfano ulio mashuhuri. Mmoja amefungua kwa "moja bila turufu". Mwenziwe akajibu "pau mbili", na huenda mkononi mwake hana hata pau moja. Alilolisema ni swali: je, unazo kopa nne, au shupaza nne? Utaratibu huu aliubuni George Rapée, ila huitwa Stayman, kwa kuwa Samuel Stayman ndiye aliyeuandika katika jarida la The Bridge World mwaka 1945. Dunia haikosi dhulma ndogo ndogo kama hizo. Sasa yule mpinzani aliye ubavuni, asiyeyajua mapatano hayo, amesikia pau naye akaamini pau. Je, amedanganywa?

Sheria za briji zasema kwamba akiuliza asielezwe, basi amedhulumiwa; kwani karata ni siri halali ya aliyezishika, lakini maana ya matamko ni haki ya meza nzima. Wala si kila hila iliyoharamishwa: mchezaji aweza kutamka uongo mtupu juu ya mkono wake, kwa sharti kwamba mwenziwe adanganyike sawasawa na wapinzani. Hapo ndipo ilipo falsafa ya jambo hili, nayo ina kina kuliko wanavyodhani wale waionao karata kuwa ni kazi ya wavivu. Uongo uwapatao wote watatu ni mtihani wa akili. Bali neno likibeba maana moja kwa wawili na nyingine kwa waliobaki, mazungumzo yamekwisha, imebaki njama. Wanazuoni wa fikihi walilifahamu hilo zamani katika mambo ya soko: muuzaji anayepatana bei halazimiki kumfunulia mnunuzi faida yake, ila akiificha kasoro ya bidhaa ameghushi.

Ugumu huja kwa wenzi waliocheza pamoja miaka mingi. Hawakuandika lolote, lakini kila mmoja ajua kwamba mwenziwe, zamu ya tatu ikimfikia na wawili wa kwanza wamepisha, hupenda kufungua mnada na mkono dhaifu. Anapoulizwa hujibu, "Hatukupatana lolote," na kwa herufi amesema kweli. Sheria haimkubalii: ada iliyozoeleka baina ya wawili huhesabiwa kuwa mapatano, kama yaliyotamkwa. Kisichomlazimu kukieleza ni kile tu akijuacho kwa elimu ya jumla iliyo wazi kwa kila mchezaji.

Na mwenye kueleza ni mwenzi wa aliyetamka, ilhali aliyetamka husikia maelezo hayo naye akatakiwa atende kana kwamba hakusikia. Akigundua kuwa amefahamika vibaya, ni haramu ajinusuru kwa ujuzi huo. Kiwambo cha katikati ya meza, kilichotumiwa kwanza katika mashindano ya ubingwa wa dunia kwenye Kombe la Bermuda la mwaka 1975, husaidia katika mashindano makubwa. Kwenye meza za kawaida hapana kizuizi ila dhamiri.

Maelezo na karata yasipoafikiana, na mwamuzi hana ushahidi wa kumwonyesha kama aliyekosea ni mtamkaji au mwelezaji, sheria humwamuru adhanie kwamba maelezo ndiyo yaliyokosea, na mzigo wa kuthibitisha vinginevyo uwe juu ya wenzi hao. Wako wanaolalamika kwamba hukumu hii humwadhibu msahaulifu pamoja na mdanganyifu. Kweli humwadhibu, wala siioni kuwa ni dhulma: aliyetaka kusema kwa lugha ya mapatano ndiye apaswaye kuihifadhi, na mpinzani wake hakuwapo walipokuwa wakipatana.