Cheo cha Nyumba na Ndoa

Yatokea mara nyingi hapa Singida Mjini, kama itokeavyo katika miji mingine ya nchi yetu. Binti wa mwenye duka kubwa, aliyesomeshwa hata chuo kikuu, aleta habari kwamba ataka kuolewa na kijana ambaye wazazi wake ni wakulima wa alizeti, maskini. Nyumba nzima yanyamaza. Kisha mjomba auliza: "Atakulisha nini?" Na shangazi aongeza: "Watu watasemaje?"

Maswali hayo mawili si sawa. La kwanza ni la busara, na kijana hana budi kulijibu. La pili halimhusu kijana hata kidogo. Lahusu fahari yetu.

Neno hili si geni katika Kanisa. Sheria ya Roma ya kale haikuitambua ndoa ya mwanamke wa ukoo bora na mtumwa. Papa Kalisto wa Kwanza, aliyeshika uongozi tangu mwaka 217 hata 222, naye mwenyewe aliwahi kuwa mtumwa, aliukubali muungano wa namna hiyo kuwa ndoa. Mshindani wake Hipoliti, padre msomi, alimlaumu vikali kwa ajili hiyo. Leo Kanisa lawaheshimu wote wawili kuwa watakatifu, bali lafundisha kwamba ndoa hufanywa kwa hiari ya wawili, wala hakuna mamlaka ya mwanadamu yawezayo kuishika nafasi ya hiari hiyo.

Serikali nayo, kwa Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971, iliamua kwamba ndoa haibatiliki kwa kuwa mahari haikulipwa. Ng'ombe wa mahari, kwa Wanyaturu na Wanyiramba, ni desturi ya kuunga undugu. Haifai kuwageuza kuwa ukuta wa kumzuia maskini.

Hata hivyo, tusiwadanganye vijana. Tofauti ya cheo ina taabu zake, na iliyo kubwa si uhaba wa fedha, ila masimango. Mume tajiri akasirikapo humwambia mkewe, "Nilikuokota wapi?" Mke mwenye mshahara mnono humkumbusha mumewe nyumba ni ya nani. Neno moja la namna hiyo hubomoa yaliyojengwa kwa miaka kumi.

Basi, enyi wazazi, chunguzeni kama mchumba ni mwaminifu, mchapakazi, tena mwenye kumheshimu mamaye. Kisha mgeukieni mtoto wenu wenyewe, mmwulize: "Je, waweza kuketi jikoni kwa wakwe zako, ukala nao ugali wa uwele na mlenda, pasipo kuona haya, wala kuwafanya wao waone haya?"

Akiweza, mpeni baraka bila kukawia. Asipoweza, na angoje kwanza. Maana kasoro haiko kwa yule maskini.