Nani Shahidi wa Tumbo?

Nani ana haki ya kusema kwamba tumbo linauma? Swali la kitoto, mpaka mwenye tumbo awe na skizofrenia.

Baba yangu mdogo analima maharage nje kidogo ya Sumbawanga. Wazee hulifasiri jina la mji huu kuwa "tupa uchawi", kwa hiyo anayesikia sauti hapa hakosi wa kumwagulia. Yeye alibahatika kufika kliniki mapema. Akaanzishiwa klopromazini, kisha benzeksoli ya kupunguza kukakamaa mwili. Sauti zikatulia. Ndipo akaanza kulalamika kwamba tumbo lake limejaa mawe.

"Ameanza tena," shangazi akasema, na nusura aongezewe vidonge. Siku ya sita muuguzi akamuuliza jambo ambalo nyumbani halikuulizwa: "Baba, choo umepata lini?"

Dawa zote mbili huzuia asetilikolini, kemikali inayouagiza utumbo usukume. Kinywa hukauka, utumbo huzembea. Klozapini ni kali zaidi kwa hili: Januari 2020 mamlaka ya dawa ya Marekani iliongeza uzito wa onyo lake, kwa kuwa choo kikifunga sana utumbo unaweza kuziba na mtu akafa. Olanzapini nayo huleta njaa isiyoshiba, na mgonjwa anaishia kuitwa mlafi kwenye sinia la ugali.

Tunasema kitanda usichokilalia hujui kunguni wake. Kwa mgonjwa wa akili tunaigeuza methali: aliyelala ndiye asiyejua, sisi tuliosimama pembeni ndio tunaojua.

Shangazi ana hoja, lakini. Zipo siku ambapo baba mdogo aliapa kwamba uji una sumu, na haukuwa nayo. Neno lake haliwezi kupokelewa lote. Ila makosa haya mawili hayalingani bei. Ukimwamini bure, umepoteza papai, maji na nauli ya bodaboda kwenda kliniki. Ukimkatalia bure, unaweza kumzika. Na asiposikilizwa atakificha kidonge chini ya ulimi, nasi tutamwita mkaidi, wakati amepima sauti na mawe akachagua sauti. Simtetei katika hilo. Akiziacha dawa ghafla ugonjwa unaweza kurudi kwa nguvu.

Siku hizi akisema mawe, namuuliza choo alipata lini. Hunijibu kwa siku na saa.